Runinga Isiyo na Tundu la Antena

Hoteli alikokuwa akifanya kazi Sanga ilipofungwa, wafanyakazi waliruhusiwa kuchagua kitu cha kwenda nacho nyumbani. Wengine walibeba magodoro, wengine viti vya bustanini, na mpishi mmoja akaondoka na jokofu. Sanga, mtunza bustani, alichagua runinga pana iliyokuwa ukutani katika chumba cha mikutano. Aliifunga kwa shuka, akaipakia kwenye tuktuk ya shemeji yake, akaipeleka Dabaso. Aliichagua kwa ajili ya mkewe, Kahaso.

Kahaso alikuwa kiziwi, lakini hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mtu mzima, mama wa mtoto wa shule, alipougua homa ya uti wa mgongo akalazwa Kilifi, na alipopata nafuu akakuta dunia yote imenyamaza. Sauti yake ilibaki. Alizungumza kama zamani, ila hakuweza tena kuipima. Mara ilipanda kama ya mtu anayeita aliye ng'ambo, mara ilishuka mpaka watu wakamwinamia. Binti yake Kabibi ndiye aliyemkokota hadi kwenye darasa la lugha ya ishara lililokuwa likifanyika kanisani, kule Kilifi mjini. Walijifunza pamoja, na wakati wa kurudi walikuwa wakibishana kwa vidole njia nzima. Mama aliishia hapo. Binti aliendelea, akaenda Nairobi kusomea ukalimani, na sasa alikuwa ametuma ujumbe kwenye simu: amepata kazi katika kituo cha runinga. Kuanzia Jumatatu, kwenye habari za saa saba mchana, yeye ndiye atakayekaa kwenye kona ya kioo akiwatafsiria viziwi.

Kahaso aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama shambani na jembe mkononi. Akaliweka jembe chini, akausoma upya.

Tatizo lilikuwa ni ile kona. Runinga yao ya zamani ilikuwa imeunguzwa na radi, na hata ilipokuwa nzima, mkalimani alionekana mdogo kama kibiriti. Kahaso alikuwa akikaza macho mpaka yakamtoka machozi, na bado vidole havikuonekana. Jirani yao Gachanja, mwalimu mstaafu aliyehamia pale kutoka bara, alimkaribisha aje kutazama kwake. Lakini ya Gachanja nayo ilikuwa ndogo, na Kahaso hakutaka tu kumwona mwanawe akipunga mikono. Alitaka kujua anasema nini. Kwenye kioo kile cha hotelini, alijua, hata kidole gumba cha Kabibi kingeonekana.

Jumamosi asubuhi waliiweka runinga juu ya meza ya kulia. Antena yao ilikuwa bado iko kwenye nguzo juu ya paa, na waya wake ulishuka ukutani na kuingia dirishani: waya mweusi mnene, wenye sindano ya shaba katikati. Kahaso aliushika, akazunguka nyuma ya runinga kutafuta pa kuuchomeka. Hapakuwa na mahali. Alikuta matundu bapa, akakuta tundu pana lenye vishimo vingi, lakini lile tundu la mviringo la antena, ambalo kila runinga aliyowahi kuiona ilikuwa nalo, halikuwapo. Alipapasa kingo zote kwa vidole asije akawa amelipita.

Sanga alijaribu kumweleza kwa ishara. Ishara zake zilikuwa chache na nyingine alizibuni mwenyewe, kwa hiyo Kahaso aliyatazama zaidi midomo yake. Alichoelewa ni kwamba kule hotelini runinga ile haikuwahi kuona antena. Ilikuwa ikiunganishwa na kompyuta za wageni tu, waonyeshane michoro yao ya biashara. Ndani yake hamna kile kifaa cha kukamata stesheni. Sanga alipangusa mikono kwenye suruali, akasema basi, Jumatatu waende tu kwa Gachanja.

"Kwa Gachanja nitaenda kunywa chai," Kahaso akamwambia. "Mwanangu nitamwona hapa."

Gachanja alipoitwa, alifika na king'amuzi mkononi. Mawazo yake yalikuwa ya maana: kama runinga haiwezi kukamata stesheni, king'amuzi kitazikamata kwa niaba yake, halafu picha itapita kwenye waya mwingine wenye kichwa bapa na kuingia kwenye kioo. Chake hicho kilikuwa cha akiba. Wakakifungia waya wa antena kwa nyuma, wakauchomeka ule wa kichwa bapa, wakawasha. Kioo kilibaki cheusi mpaka Kahaso alipobonyeza vitufe vya pembeni akichagua tundu moja baada ya jingine, na ghafla kikajaa rangi ya samawati na maandishi. Alipiga makofi. Wakaamuru kitafute stesheni, wakasubiri. Hakikupata hata moja.

Sanga alipanda juu ya paa kuigeuza antena, Gachanja akasimama dirishani kupeleka habari, na Kahaso akabaki mbele ya kioo. Waliigeuzia Malindi, wakaigeuzia Kilifi, wakaigeuzia hata baharini. Maandishi yalikuwa yaleyale: hakuna mawimbi. Adhuhuri ilipofika, Gachanja aliamua kwamba antena imeliwa na chumvi ya bahari. Sanga alishuka shati limelowa, akakubaliana naye haraka.

Kahaso hakukubali. Alivuta kigoda akakaa mbele ya kile kioo cha samawati, akafikiri. Maandishi yanaonekana, basi kati ya kioo na king'amuzi hakuna ugomvi. Ugomvi uko kati ya king'amuzi na antena. Alikichomoa king'amuzi, akakitia kikapuni pamoja na waya wa kichwa bapa, akajifunga leso. Sanga alitaka kumsindikiza Malindi ili amsemee. Alimkatalia, kwani alijua vizuri mambo yalivyo: akiandamana na mtu anayesikia, watu humsemesha huyo, na yeye hugeuzwa mzigo uliobebwa.

Duka alilolichagua lilikuwa karibu na soko, la mama mmoja aitwaye Nirmala na mwanawe Rohit. Nirmala alikaa mbele kwenye meza ya malipo, na Rohit ndiye aliyejua habari za nyaya. Kijana alimwamkia shikamoo, akakitazama kile king'amuzi, akaanza kueleza huku amegeukia rafu anatafuta kitu. Kahaso aliona mabega yake yakicheza na kichwa kikitikisika, maneno yote yanamwagika upande wa pili.

"Mwanangu," akasema, "mimi nasikia kwa macho. Ukinipa kisogo umeninyamazia."

Rohit aligeuka, uso umemwiva. Akajaribu kupaza sauti. Hilo Kahaso alilijua kwa jinsi wateja wengine walivyoshtuka. Nirmala ndiye aliyempa mwanawe kipande cha boksi na kalamu. Kijana alichora nyumba. Juu ya nyumba akachora dishi lililokodolea mbingu, na kando yake akachora antena iliyo kama mfupa wa samaki, inayotazama mlingoti wa kurushia matangazo. Akakigonga king'amuzi cha Gachanja, kisha akaligonga dishi. Halafu akagonga antena na kutikisa kichwa.

Kahaso akaelewa. Kile kilikuwa king'amuzi cha dishi. Waya wake unafanana, kichwa chake kinaingia, lakini kinasubiri habari kutoka angani, na antena ya Dabaso inaleta habari kutoka kwenye mlingoti wa ardhini. Wangeizungusha antena ile mpaka ing'oke, na kisingepata kitu.

Rohit alimtolea king'amuzi cha antena. Mteja mwingine angelipa akaondoka. Kahaso alivuta kiti. Aliuliza kama kina tundu bapa la kupeleka picha kwenye kioo, akaonyeshwa. Aliuliza kama kichwa cha waya wake kitaingia, akaambiwa hapana: chake ni cha kuzungusha kama skrubu, king'amuzi hiki kinataka cha kuchomeka, kwa hiyo lazima abadilishe kichwa. Rohit alimwonyesha namna ya kuumenya waya, ngozi ya nje kwanza, kisha wavu wa nyuzi nyembamba, kisha plastiki nyeupe, hadi kwenye sindano ya shaba. Akamwonya kwa kidole kwamba unywele hata mmoja wa ule wavu ukigusa sindano, kazi imeharibika. Wateja walikuwa wamejipanga nyuma. Kahaso aliwaona, akawaomba radhi, na hakuinuka. Rohit alipokwisha kuunganisha kila kitu kwenye runinga ya dukani na stesheni zikaingia, Kahaso alimwomba avichomoe vyote. Kisha akaviunganisha mwenyewe tangu mwanzo, Rohit amekunja mikono anatazama. Alikosea tundu, akajirekebisha. Picha iliporudi, Nirmala alimwinamishia kichwa kwa heshima, na Kahaso akalipa, akakitia king'amuzi kikapuni pamoja na kichwa kipya cha waya.

Siku ya pili, waliporudi kutoka kanisani, alitandika mkeka chini ya dirisha akaanza kuumenya waya. Sanga alitaka kumpokea kisu, akamnyima. Alifunga kichwa kipya, akachomeka, akawasha, akaamuru kitafute. Kwenye kioo, mstari wa nguvu ya mawimbi ulipanda kidogo. Ule wa ubora ukakaa pale pale, mtupu. Sanga alikuwa ameshaweka ngazi ukutani. Kahaso akamzuia kwa mkono. Alikifungua kichwa kile, akautazama waya kwenye mwanga wa mlango, na hapo akauona unywele mmoja wa shaba, mwembamba kuliko uzi wa buibui, umelala juu ya sindano. Aliukata waya pale, akamenya upya. Mara hii aliurudisha wavu nyuma unywele kwa unywele, akaubana chini kabla ya kukaza kichwa.

Sasa akampandisha mumewe. Antena iligeuzwa kuelekea Malindi polepole, na Kahaso akasimama dirishani mkono ameuinua nje, macho kwenye ile mistari miwili. Ilipanda. Ikashuka. Ikapanda tena, ikageuka kijani. Aliushusha mkono, na Sanga akafunga nati. Majina ya stesheni yakaanza kujipanga kwenye kioo, moja chini ya jingine, na la kituo cha Kabibi lilikuwamo.

Sanga aliingia mbio, akatazama, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Alichukua rimoti akabonyeza. Akabonyeza tena, akaipiga kwenye kiganja, akainama kuweka sikio kwenye ubavu wa runinga. Kahaso alimtazama asielewe. Alipomvuta bega, Sanga alisema taratibu ili amwone: runinga haina spika. Kule hotelini sauti ilikuwa ikitoka kwenye dari.

Kahaso alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na Sanga, ambaye mwanzoni alikuwa amekasirika, naye akakaa.

Jumatatu majirani walifika kabla ya saa saba. Gachanja alikuja na kiti chake. Sanga aliwaeleza habari ya sauti, wengine wakaguna, lakini hakuna aliyeondoka. Saa ilipotimu, mtangazaji alitokea ametengeneza tai, midomo inakwenda kimya, na kwenye kona ya chini, mkubwa kama mtoto wa kubeba, akatokea Kabibi, amevaa blauzi nyeusi.

Mikono yake ilikwenda mbio kwenye sentensi za kwanza. Kahaso aliona, akashika pindo la leso yake akaliminya. Halafu mikono ikatulia. Vidole vilikuwa wazi, kila kimoja, na maneno yakamfikia Kahaso bila kukaza macho, kama zamani alipokuwa akisikiliza redio huku anapika.

Gachanja alimgusa bega. Alinyoosha kidole kwenye kioo, akafunua viganja: wanasemaje? Kahaso aligeuka, akakuta chumba kizima kinamtazama yeye.

"Mto Tana umevunja kingo," akasema. "Watu wamehamia mashuleni. Subirini. Serikali inapeleka unga kwa mashua." Akageukia tena kioo. "Walimu nao wanasema hawarudi kazini mpaka wasikilizwe."

Gachanja, mwalimu wa zamani, akauliza ni walimu wa wapi. Sanga alimkanya asimkatize. Kahaso akaendelea kuwapa habari jinsi zilivyokuja, hadi michezo, hadi hali ya hewa, hadi Kabibi alipoiaga nchi nzima kwa mkono na kutoweka.

Watu walipokuwa wakitoka, simu ikatikisika mfukoni. Kabibi alikuwa ameandika: *Mama, uliniona?*

Kahaso alijibu kwa vidole vilivyokuwa bado na michubuko ya waya. *Nimekuona. Habari ya mafuriko umeikimbiza, nusura inipite. Kesho polepole.*

Akaweka simu mezani, akaenda kuwasha moto wa chakula cha mchana, kwani kwa siku ile hakuna aliyekumbuka kupika.