Taa Kifuani mwa Baba Pacha

Umeme ulikatika Mama Pacha akiwa ndiyo kwanza anapakua chakula, na mfuko wa shati la mumewe ukaendelea kuwaka. Mama Pacha hakushangaa, alikasirika. Siku hizi mume huyu, mkata vigae katika kiwanda cha asbesto, alikuwa akitoka nje kila kikohozi kilipombana, na hakuna kikohozi kinachohitaji faragha kiasi hicho. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Simu ya nani hiyo?"

Baba Pacha aligeuza mfuko nje. Haukuwa na kitu. Akavua shati, na mwanga ukabaki palepale, ndani ya mbavu za kushoto, mdogo kama punje ya harage. Akakiri kwamba ulikuwepo tangu mvua zilizopita, lakini daktari wa kiwanda alimpima akamwambia yu buheri wa afya.

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na mshono wa mtu mwingine hauamini mpaka auvute. Akauliza daktari huyo huwapimia wapi. Uwanjani, akajibiwa, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Ndiyo desturi yao.

"Juani," alisema. "Mjanja huyo."

Hospitalini, daktari wa upasuaji alizima taa akatazama, kisha akapiga picha na kuchukua kinyama cha kupima. Akasema ni saratani ya mapafu, ila imewahiwa: ni ndogo, haijafika kwenye tezi, na wakiikata sasa pamoja na sehemu ya pafu, tumaini la kupona ni kubwa. Mama Pacha alimshuku naye. Alimtaka aeleze upya, akaikagua picha, ndipo akalia mbele yake bila aibu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kifua cha Baba Pacha kikawa giza kama vya watu wengine.

Jioni moja mkewe alikwenda kiwandani kuwaonya wenzake. Zamu ilikuwa ikitoka, vifua vinawaka, vingine kama harage, vingine kama chungwa. Mmoja aliwaka kifua kizima, ameshikwa mkono. Walimsikiliza kwa heshima. Wakamwambia daktari aliwapima juzi tu, wote wazima.

Mama Pacha aligeuka kuondoka, akaona nguzo ya getini haina taa. Akamuuliza mlinzi, aliyekuwa akisoma gazeti kwa mwanga wa vifua vilivyokuwa vikipita.

"Meneja kaing'oa, shemeji. Anasema haina kazi."