Shamba la Odilia Lilipokuja Kilosa

Siku ya kesi Evance alifunga kibanda chake cha kuziba pancha pale Mikumi, akaosha mikono kwa sabuni ya unga, weusi ukabaki kwenye kucha. Akapanda gari la Kilosa. Baba yake, mzee Donati, alitokea Tindiga. Evance alimkuta ameshakaa kwenye benchi la mahakama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," mzee aliitika, kama anavyomwitikia mpita njia yeyote.

Kesi ilikuwa ya shamba la mpunga aliloliacha mama yake Evance, marehemu Odilia; mzee alitaka Evance asirithi hata kipande. Mzee alieleza kwamba siku ya mazishi Evance alifika kaburi limeshafunikwa.

"Daraja lilikuwa limekatika, baba," Evance alisema.

"Hakumtupia mama yake udongo. Mimi mtoto sina."

Hakimu alisema ingefaa akalione hilo shamba, ila gari la mahakama ni bovu. Basi shamba likaja. Maji yalipita chini ya mlango, tope likafuata, kisha miche ya mpunga ikasimama katikati ya mabenchi. Karani alikunja suruali. Letisia, shangazi yake Evance, alipakata kandambili zake.

"Afadhali limekuja changa," alisema. "Lingekuja limeiva, na ndege je, wangekaa wapi?"

Kwenye tope kulikuwa na nyayo ndefu za mwanamume, na ndani ya kila unyayo kuna unyayo mdogo wa mtoto.

"Mzee, hizi za nani?" hakimu aliuliza.

"Zangu."

"Na hizi ndogo?"

"Za Evance. Alikuwa anazama. Nikamwambia akanyage ninapokanyaga mimi."

"Evance huyu?"

Mzee aliitazama miche. "Yule alikuwa mdogo."

Hakimu akamgeukia Evance. "Na wewe unataka sehemu gani ya shamba?"

"Shamba alime yeye. Mimi naomba aniite mwanangu, kama zamani."

Hakimu aliandika, maji yakiwa yamemfika kwenye vifundo. Akaamua shamba libaki kwa mzee. Hilo la kuitwa mwana, alisema, mahakama haina mamlaka ya kuliamuru.

Shamba lilitoka kwanza, likashika njia ya reli kurudi Tindiga. Mzee akatoka na miguu yake ya tope, akiacha alama kwenye vumbi. Evance alivua viatu akamfuata, akikanyaga pale pale alipokanyaga baba yake. Miguu yao sasa ililingana. Mzee hakugeuka. Alifupisha hatua tu, kama alivyokuwa akifanya shambani.

Walikwenda hivyo mpaka stendi. Mzee akapanda gari la Tindiga, akakaa dirisha la upande wa pili. Evance akasubiri la Mikumi, tope likimkaukia miguuni. Kondakta alimwambia anawe kwanza. Evance akasema hatanawa, atasimama njia nzima.