Zamu ya Mama Owino

Ijumaa, tarehe 5 Desemba 1958. Asubuhi hiyo ukungu ulifunika mlima Menengai, na maji ya manyunyu yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati ya landhi, nyumba zetu za wafanyakazi wa reli. Nilipiga magoti kando ya kitanda kumshukuru Mungu kwa kunifikisha mwisho wa Darasa la Nne, mimi mtu mzima mwenye watoto. Maneno yakakwama, na nilijua kwa nini.

Mimi na jirani yangu Akoth, Mama Owino, tulikuwa na mapatano. Waume zetu, wote watu wa reli, walikubali mwanamke mmoja tu aende shule ya jioni kanisani, mwingine abaki na watoto wa nyumba zote mbili. Mimi nitangulie, nikimaliza Darasa la Nne, nimpishe. Akoth alitimiza sehemu yake. Wanangu walikula kwake, na walipougua surua aliwauguza pamoja na wake.

Wiki iliyopita Mwalimu Jonah aliniambia kwamba mwaka mpya Darasa la Tano litafunguliwa, jioni zile zile. Akauliza kama nitaendelea. Nikasema ndiyo. Kisha nikaenda kumwomba Mungu anionyeshe njia. Akoth sikumuuliza.

Jioni wanafunzi tulikusanyika darasani kanisani kwa chai ya kuagana. Nilitazama ubao, nikanusa chaki, nikakumbuka tulivyokuwa tukiimba hesabu kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama dirishani kutucheka. Mzee Kipkemboi, mlinzi wa ghala, alikuwa akisinzia kila somo na kuamka kwenye wimbo. Nilimpenda hata yeye.

Akoth akaingia na watoto, amevaa gauni lake la Jumapili. Aliniuliza nilikuwa nikikaa wapi. Nikamwonyesha. Akaketi, akaweka mikono juu ya dawati, akatazama ubao kwa muda.

"Hapa pananitosha, Mama Nekoye," akasema. "Bora nisikae karibu na mzee huyu, ataniambukiza usingizi."

Mzee Kipkemboi akajibu kwamba usingizi wake umefaulu mtihani kuliko wengi walio macho. Watu wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaweka kikombe chini.

Kabla sijamvuta Akoth kando, Mwalimu Jonah alisimama na kutangaza kwa furaha kwamba mimi, Truphosa, nitaendelea na Darasa la Tano. Wakapiga makofi. Akoth naye alipiga. Kisha akainuka polepole, akapangusa benchi kwa pindo la leso yake kana kwamba amelichafua, akaenda kusimama mlangoni na watoto.

Hakuna aliyeniuliza neno. Ningeweza kunyamaza. Moyoni nilikuwa tayari nikisema zamu ya Akoth itakuja nikimaliza Darasa la Tano, au mwaka wa baada yake. Ndivyo nilivyokuwa nikiomba wiki nzima, tamaa yangu nikiiita mapenzi ya Mungu.

Mwalimu akaniomba nifunge kwa sala, kama kawaida yangu. Watu wakainamisha vichwa. Nikasema, "Ee Bwana," na sikuweza kuendelea. Nilimwona Akoth pale mlangoni. Alikuwa amefumba macho, akiningoja nimwombee na yeye.

"Fumbueni macho," nikasema. "Hili sharti mlisikie ninyi pia."

Nikawaeleza mapatano yetu yote, na jinsi nilivyomficha mwenzangu jibu nililompa mwalimu. Mwalimu Jonah akavua miwani. Akoth alitazama sakafu.

Nikamgeukia.

"Mama Owino, mwaka mpya anayekuja hapa ni wewe. Watoto wako watakula kwangu, wakiugua nitawauguza, mpaka umalize Darasa la Nne. La Tano nitalisubiri. Mwalimu, Mzee Kipkemboi, nanyi nyote, mmenisikia. Mkiniona nimeketi kwenye benchi hili kabla hajamaliza yeye, niinueni."