Kitawi cha Kulungu Jike

"Andika tu kwenye cheti nilivyokwambia," alisema Gernot Perdacher. "Kazi ya mkono wa marehemu babu yangu. Mistari miwili, muhuri, basi."

Roswitha Ogris alikuwa mthamini wa bunduki za kale, na Ferlach nzima, mji wa mafundi bunduki huko Austria, ilimjua kwa upole wake. Hata dukani alisubiri aulizwe anataka nini. Aliinamia lenzi. Juu ya kitambaa cha kijani ililala bunduki ya kuwindia ya mitutu miwili, iliyotengenezwa katika karakana hii hii ya akina Perdacher miaka sabini iliyopita. Kwenye bamba la ubavuni, juu ya jina la babu huyo, Leopold Perdacher, alichongwa kulungu dume aliyeuawa, kila unywele wake umechorwa peke yake. Mgongoni alikuwa amewekewa kitawi cha msonobari.

Kitawi kilikuwa kimegeuzwa.

Mtoto wa Ferlach hujua jambo hili kabla hajajua kusoma. Mnyama akishauawa hupewa kitawi kwa heshima. Akiwa dume, upande uliovunjwa huelekea kichwani. Akiwa jike, ni kile kilele chenye majani. Dume huyu alikuwa amewekewa kitawi cha jike.

Roswitha aliinua kichwa.

"Hii kaichonga bibi yangu," alisema.

Gernot akacheka, akamgeukia mnunuzi, mzee Ottokar Wieser, aliyekuwa amekaa dirishani na kofia yake magotini. "Bibi yake alikuwa akifagia chembe za chuma hapa, Bwana Wieser. Na kahawa alikuwa anapika nzuri, nasikia."

"Bibi yangu Notburga Ogris alikaa kwenye meza ile pale miaka thelathini na moja."

"Akisubiri maji yachemke. Rosi, mdogo wangu, usinitie aibu mbele ya mgeni."

Vidole vya bibi vilimjia Roswitha akilini: vifupi, vyeusi kwenye kucha, vyenye vijipande vya chuma ambavyo yeye, mtoto wa miaka saba, alivitoa kwa sindano jioni baada ya chakula. Bibi hakuruhusiwa kutia jina lake hata mara moja. Siku moja tu alimwambia mjukuu wake, bila hata kuinua kichwa, kwamba madume wake wote aliwapa kitawi cha jike. "Wamejaa wawindaji mle ndani," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyetazama."

Roswitha aliweka lenzi mezani.

"Babu yako alikuwa mwindaji, Gernot?"

"Swali gani hilo? Mapembe yote yale ukutani ni yake."

"Basi mweleze Bwana Wieser kwa nini mwindaji kama yeye alimpa dume kitawi cha jike."

Mzee Wieser akainuka polepole, akaja, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

"Ni kweli bwana. Kitawi cha jike kabisa."

"Labda alichoka siku hiyo," Gernot alisema. "Mtu hukosea."

"Leopold Perdacher akosee kitawi?" Wieser alijifuta machozi. "Sawa, kijana wangu. Iandikwe hivyo kwenye cheti, nami nikakisome chamani kwetu, mbele ya wawindaji wote."

Gernot aliyatazama mapembe ukutani. Shingo ilikuwa nyekundu kwa aibu.

"Andika unachotaka," alisema mwishowe. "Kwenye chuma jina ni la babu, na litabaki la babu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma Roswitha zaidi. Aliandika jina la Notburga kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. Akaichana, akachukua nyingine, akaandika upya, herufi moja moja: *Nakshi zote ni za mkono wa Notburga Ogris.* Akagonga muhuri.

Mzee Wieser alikipokea cheti kwa mikono miwili. Gernot alianza kuifunga bunduki ndani ya kitambaa, akidhani yamekwisha.

"Kabati lako lile la nyuma," Roswitha alisema, akivaa koti. "Mna bunduki ngapi za babu yako?"

"Kumi na nane. Kwa nini?"

"Kesho saa mbili asubuhi nakuja na lenzi. Nitazame vitawi."