Kuni Ambazo Okeyo Hakupasua

Okeyo aliingia kwa ofisi yangu ya kusaidia walioumia kazini Julai 2009, mkono wa kushoto mfukoni.

"Toa huo mkono," nikamwambia. "Hapa hatuoneani haya. Mimi wangu uliliwa na mashine ya kiwanda cha nguo, na ugali bado nasonga na huu mmoja."

Akacheka, akautoa. Vidole vitatu havikuwepo. Msumeno wa kiwanda cha mbao kule Kiplombe ulikuwa umevikata Agosti iliyopita. Sheria humpa mfanyakazi miezi kumi na miwili ya kudai fidia. Yeye alikuwa amebakisha wiki tatu. Nikasoma karatasi yake ya hospitali, meno yangu yakajificha. Ilisema: amejikata nyumbani akipasua kuni.

"Okeyo, kwenu kuni mnapasua na vidole?"

"Mama Rosebella, ni mimi niliwaambia hivyo."

Akanieleza. Pale kiwandani watu hufanya kazi wawili wawili. Mmoja anasukuma gogo, mwenzake anavuta ubao upande wa pili, na havuti mpaka asikie kiganja kimepiga ubao mara mbili. Siku hiyo mvutaji alikuwa Jepkosgei, msichana wa Soy. Alivuta kabla ya kupigiwa. Ubao ukauvuta mkono wa Okeyo hadi kwenye msumeno.

"Ule mwaka wa vita vya uchaguzi unaujua," akasema. "Tulikuwa tumetoka kambini juzi, nyumba zilizochomwa hazijapata mabati. Useme Mkalenjin amemkata Mjaluo, kufika jioni watu wanasema ni panga. Nikamwambia Jepkosgei anyamaze. Hospitalini nikasema kuni."

Nikaikunja ile karatasi, nikaiweka kando.

"Na nilijua yeye ndiye atalaumiwa," akaongeza.

"Hapo mlikosea wote wawili. Fidia haitafuti aliyekosa. Inauliza tu, uliumia kazini? Tunataka mtu aliyeona."

"Aliyeona ni yeye peke yake. Na bado anafanya kazi pale."

Jumapili, baada ya kanisa, tukaenda Soy. Jepkosgei alipomwona Okeyo getini, mtungi wa maziwa ulimponyoka.

"Umekuja kunishtaki?"

"Nimekuja kuazima mdomo wako, useme ulichoona."

"Na meneja akinifuta?"

Sikumdanganya. "Sheria inamkataza. Lakini mlango wa kiwanda haujui kusoma."

Alianza kufagia maziwa na ufagio, kazi isiyo na maana kabisa, nasi tukaondoka.

Siku ya kikao cha madai yake, afisa wa leba, yule wa Wizara ya Kazi, alikaa katikati, meneja upande mmoja, sisi upande wa pili. Meneja alikuwa na nakala ya ile karatasi, ameshaipigia mstari mwekundu.

"Kuni," akasema. "Maneno ni yake, si yangu."

Afisa akafungua kalamu. Okeyo akaniangalia. Mimi nikaangalia mlango, na mlango ukafunguka. Jepkosgei aliingia na ovaroli ya kazi, unga wa mbao mpaka kwenye nyusi.

"Mimi ndiye nilivuta," akasema kabla ya kuulizwa jina. "Sikungoja anipigie. Alidanganya ili watu wasichinjane tena. Msimnyime haki yake kwa hilo."

"Unajua unamsaidia nani?" meneja akamuuliza.

"Mwenzangu wa msumeno."

Afisa akamhoji nusu saa: tarehe, zamu, mashine gani, nani alizima stima. Hakuteleza hata mara moja. Mwishowe afisa akaandika: ajali kazini. Akaagiza Okeyo aende kwa daktari akapimwe kiwango cha ulemavu.

Nje koridoni benchi ilikuwa imejaa watu waliongoja zamu yao, na ule ubao wa mlango ni mwembamba; walikuwa wamesikia yote. Mzee mmoja akamkazia Jepkosgei macho.

"Kumbe ni wewe ulimkata huyu Mjaluo?"

Lile neno walilolificha mwaka mzima lilikuwa limetoka hadharani, saa tano ya asubuhi, katikati ya Eldoret.

"Ni mimi," Jepkosgei akasema.

"Na mimi ndiye nilinyamaza," Okeyo akasema. "Mzee, kuna swali lingine?"

Mzee akawatazama wote wawili, kisha akasogeza magoti wapite.

Nimewasindikiza watu wengi kwenye ile korido. Siku hiyo nilitangulia mbele yao kama mama wa bibi harusi, nikigonga viatu kwa makusudi.