Kisanduku Kibichi

Watu walimwita Mama Vifuniko, naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa akichukua bonge zima la udongo, analikata juu kwa waya apate kifuniko, kisha analikomba ndani kidogo kidogo mpaka linakuwa kisanduku. Kifuniko kikirudi mahali pake, hata unywele haupiti. Mdogo wake, aliyejifunza kwake miaka minne, alichonga maua ya kupendeza ubavuni, ila kukomba chini alikuwa mvivu, na visanduku vyake vilikuwa vizito kama matofali, vikikawia kukauka. Alitaniwa kwa hilo hadi akazoea.

Siku ya kupanga tanuri, Mama Vifuniko alikigusisha shavuni kisanduku chake cha mwisho. Kilikuwa cha baridi, maana yake bado kilikuwa na maji ndani, na kitu cha namna hiyo hakiingii motoni, kitapasuka na kuvunja vya jirani. Hilo alilifundisha yeye mwenyewe. Lakini kilikuwa kimempendeza mno, na moto mwingine ungewashwa baada ya miezi mitatu. Alitazama huku na huku, akakisukuma kwenye rafu ya chini, katikati ya vya mdogo wake.

Kuni hazikuwa zimeshika vizuri tanuri lilipotoa mlio: pa! Wakatazamana. Hakukuwa na la kufanya ila kuendelea kuchochea siku mbili, kisha kungoja tatu nyingine lipoe.

Walipolifungua, visanduku kumi na kimoja kati ya kumi na vinne vilikuwa vimevunjika au vimegandwa na vigae vya mwenzao. Mama Vifuniko aliokota kigae kimoja, akatambua alama za kisu chake. Akakifukia kwenye majivu.

"Kilichopasuka ni changu tu, dada," mdogo wake alisema, machozi yakimlengalenga. "Si unajua ninavyokomba? Nisamehe jamani."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mama Vifuniko akafungua kinywa, kikatoka kitu kingine kabisa: "Yamekwisha." Mtu mzima na mvi zake!

Tangu siku hiyo mdogo mtu hakugusa udongo. Alipasua kuni na kufagia. Kila asubuhi aliomba radhi upya, na kila asubuhi akajibiwa vilevile. Dada mtu aliona aibu, lakini ulimi ulikuwa mzito. Siku ya tisa jioni alimkuta mwenzake anafunga visu vyake kwenye kitambaa.

"Vibaki kwako, dada. Jumatatu naanza kazi ya usafi hospitalini. Huku nakutia hasara tu."

"Kile kilichopasuka kilikuwa changu," Mama Vifuniko akasema, macho sakafuni. "Kilikuwa kibichi. Nilijua, nikakiingiza."

Mikono ya mdogo wake ikasimama. "Na ulijua lini kwamba ndicho kilichopasuka?"

"Siku ileile tulipofungua tanuri."

Mdogo mtu akahesabu kwa vidole, taratibu, kimoja kimoja.

"Nimekuomba radhi mara tisa, dada. Na mara zote tisa ukanisamehe?"

Mama Vifuniko alitaka kusema nisamehe, neno likamkataa mdomoni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mdogo mtu akakifungua kile kitambaa. Akakalia kigoda cha dada yake, akavuta bonge la udongo, akachagua kisu.

"Nenda kapasue kuni, dada," akasema bila kuinua uso.

Akaenda.