Siku ya Kumvika Tarumbeta Hedifoni

Kabla hapajapambazuka nilisikia vizibo vya soda vikigongana sakafuni: tik, tik, kimya, halafu tik tena. Mwanangu wa miaka minne alikuwa ameamka kabla yangu na anapanga timu gizani kwa kupapasa.

"Kipa yuko wapi?" nilimuuliza kutoka kitandani.

"Amelala. Na wewe mama lala."

Vizibo hivyo ndivyo vilivyonifundisha kutangaza mpira. Tangu nilipoanza masomo ya jioni chuoni na kujiunga na redio ya wanafunzi, tulikuwa tunafanya mazoezi hapo sakafuni. Mimi hutangaza mechi ya kubuni, yeye husogeza vizibo kwa kufuata maneno yangu, na kifungo chekundu cha koti langu la zamani ndicho mpira. Nikijisahau nikapiga kelele tupu, mkono wake hubaki hewani ukisubiri. Basi narudia.

Leo ilikuwa fainali, ya kwanza kwa chuo chetu. Nilikuwa nimeingoja kama mtu anayengoja harusi yake. Na si mimi ningeitangaza.

Jana, tulipotoka darasani, msimamizi wa redio aliniita mlangoni akiwa na tabasamu pana.

"Hongera mama, umeamua vizuri. Mtoto kwanza. Kesho utaaga kabla ya mechi, halafu umvike Tarumbeta hedifoni."

Ndiyo desturi yetu. Mtangazaji anayeondoka huwashukuru wasikilizaji, kisha humvika mrithi wake hedifoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Nani amesema naondoka?"

Tabasamu likapungua. "Tarumbeta. Amesema umemtuma."

Tarumbeta ni mtangazaji mwenzangu, tulimpa jina hilo kwa sababu ya sauti yake. Nikiwa hewani yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mwanangu kwenye korido, mpaka mtoto akazoea kumwita mama mdogo. Mwezi uliopita mtoto alipokuwa na homa nilimwegemea Tarumbeta begani nikamwambia nimechoka, kuna siku natamani kuacha yote. Yalikuwa maneno ya kushusha pumzi tu. Akanipigapiga mgongoni. Kumbe alikuwa anayaweka akiba.

Nilimkuta kwenye ngazi.

"Mwenzangu, ulimwambia nini msimamizi?"

"Ulichoniambia."

"Nilikuambia wewe."

"Nilikuonea huruma. Kila Jumamosi unakuja umepauka kama umelala kwenye unga, nani asione?"

"Na huruma yenyewe ikasubiri tufike fainali."

Alirekebisha mkanda wa mkoba wake. "Usinichukie, bwana. Kiti ni kimoja."

Nilirudi kwa msimamizi. Akasema ratiba imeshatangazwa, tutaongea baada ya fainali. Baada ya fainali tuongee nini?

Chumba cha kutangazia kiko juu ya uwanja, kina dirisha refu la kioo na meza moja. Nilipoketi, Tarumbeta alinisogezea karatasi aliyoniandikia, ati nisihangaike kutafuta maneno. Mstari wa kwanza ulisema: Naondoka ili nimlee mwanangu.

Niliutazama mstari ule mpaka taa nyekundu ikawaka. Jana nilidhani nimenyang'anywa kiti. Sasa nikaona mtoto wangu anabebeshwa lawama, na siku moja atakua na kuambiwa yeye ndiye aliyenitoa hapa. Nikaigeuza karatasi kifudifudi.

"Wasikilizaji, leo naambiwa niage," nilisema. "Nawashukuru wauguzi mnaotusikiliza wodini mkiwa zamu. Namshukuru mlinzi wa getini, aliyenipashia maziwa ya mtoto kwenye jiko lake. Namshukuru mwenzangu hapa kwa kila mara alipombeba mwanangu. Hilo alilifanya kweli, na silifuti. Ila siondoki kwa sababu ya mtoto, wala sikuomba kuondoka. Mwanangu hajanizuia kutangaza hata siku moja. Yeye ndiye mwalimu wangu. Asanteni kwa kunikabidhi masikio yenu."

Msimamizi alikuwa anasoma simu yake kwa bidii sana.

Nilivua hedifoni, zingali na joto, nikamvika Tarumbeta. Hereni yake ikanasa. Nikainasua taratibu, kama nilivyozoea, maana peke yake huwa anaivuta mpaka sikio linauma.

"Asante," alinong'ona bila kunitazama.

Mwanangu alikuwa ananingoja kwenye kibanda cha mlinzi. Redio ilikuwa dirishani, vizibo tayari vimepangwa mezani.

"Nimekusikia," mlinzi aliniambia, akinisogezea stuli. "Kaa, binti. Kocha wako hapa amekataa hata biskuti mpaka mechi ianze."

Filimbi ikalia. Sauti ya Tarumbeta ikajaa kibanda kizima: oooh, jamani, hatari, hatari kabisa, hii ndiyo fainali bwana, hapakaliki. Mlinzi akanyanyuka, akaketi, akanyanyuka tena bila kujua ashangilie nini. Mimi nilikuwa nameza neno moja baada ya jingine, kila moja likitaka kutoka.

Mwanangu alikuwa ameshika kifungo chekundu. Mkono wake ulibaki hewani juu ya vizibo, ukasogea kushoto, ukarudi, ukasimama. Alisubiri sana. Kisha akaniwekea kifungo kiganjani.

"Mama, hajasema mpira uko wapi."